Kadi Isiyopata Joto

3 Machi

Fundi Bisibisi,

Nakusihi, kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango wa karakana yako. Ukimaliza kusoma, barua hii usimwonyeshe mtu wala usiitaje, hata kwa utani, hata mbele ya mtu asiyenijua. Hasa Mama Mkubwa asijue. Najua ninyi wawili mnafahamiana tangu duka lako lilipokuwa mkabala na cherehani yake, na najua mnavyotaniana. Utani ndio unaonitia hofu, kwa sababu siri nyingi huponyoka watu wakiwa wanacheka.

Huenda umenisahau. Mimi ni binti wa mdogo wake, yule aliyelelewa naye tangu nikiwa na miaka minne. Miaka mitatu iliyopita, kabla hujahamia huko, ulituundia kompyuta ya gemu ukatuachia na mchoro wa namna ya kuchomeka nyaya zake. Sasa mimi ni karani wa masjala. Naandika barua hii saa ya chakula, nyuma ya kabati la majalada, na kila nikisikia viatu vya Mkuu wa Masjala naifunika kwa daftari la barua zinazoingia. Hapa ofisini hakuna anayejua kwamba nacheza gemu. Wananiona mtu makini, na ningependa waendelee hivyo hivyo.

Naambiwa hupokei simu tena kwa sababu masikio yamechoka, na kwamba mteja wa mbali lazima akuandikie. Nimefurahi. Kwenye simu nababaika.

Shida yangu ni hii. Kompyuta imekuwa nzito. Gemu letu ni la kuendesha lori la mizigo milimani, kwenye theluji na madaraja marefu. Nasema "letu" kwa sababu mimi nashika usukani na Mama Mkubwa anasoma ramani. Ameichora mwenyewe kwenye karatasi ya kukatia nguo, barabara kwa chaki nyeupe, miji kwa chaki ya bluu. Anasema, "Kata kushoto, taratibu, acha sentimita mbili za mshono," nami nakata kushoto. Nilipoanza kazi nilikuwa nikitapika kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, Fundi. Hakunihubiria. Alivuta kiti chake karibu na changu kila jioni, tukaendesha, na mwezi wa tatu kutapika kukaisha. Sijui nimshukuruje mtu aliyenifanyia hivyo bila hata kulitaja.

Picha imekuwa ikikwama tangu zamani, na sasa imezidi. Lori linaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kama kurasa zilizochanwa. Na Mama Mkubwa ameanza kusema, "Leo nimechoka, endesha mwenyewe." Wiki iliyopita alisema hivyo mara nne. Naogopa kwamba picha hizi zinamtesa macho na hataki kuniambia, na kwamba siku moja hatarudi kabisa kwenye kile kiti.

Nimejiwekea akiba inayotosha kifaa kimoja tu. Nisaidie kuamua nianze na kipi: prosesa, vijiti vya kumbukumbu, diski, feni au kisanduku cha umeme. Kadi ya picha, ile inayochora kinachoonekana kwenye skrini, sijaiorodhesha kwa makusudi. Hiyo aliinunua yeye, miaka miwili iliyopita, akaifunga kwa mikono yake nikiwa kazini ili nirudi nishtuke. Kadi isiguswe. Badilisha kingine chochote.

Jibu lako lipeleke kwa anwani ya ofisi. Nyumbani hapana.

Wako mwenye shukrani na hofu,
Karani

*

9 Machi

Karani,

Nimefunga mlango kama ulivyoagiza. Mteja mmoja alibaki nje na redio yake, na nadhani mpaka sasa anaamini nimekufa.

Sijakusahau. Ulikuwa ukisimama nyuma yangu na kuuliza kila skrubu inaitwaje.

Mimi sibadilishi kifaa kwa kusikia neno "nzito". Kila mteja husema nzito. Mmoja aliniletea kompyuta nzito, nikafungua, nikakuta panya amejenga. Kwa hiyo fanya kazi unayoijua. Chukua daftari, andika siku saba. Kila jioni mnapocheza, niandikie: mmefika wapi, picha ilikwama wapi, nini kilipata joto, feni gani ilipiga kelele, nani alisema nini. Usichague cha kuandika. Wewe ni karani, usianze kuwa fundi.

Kuhusu kadi kutoguswa: ukienda kwa daktari ukamwambia kichwa kisiguswe, atakutibu magoti. Lakini nimekusikia. Nitasubiri daftari.

Bisibisi

*

16 Machi

Fundi Bisibisi,

Asante kwa kunijibu, na asante kwa kunipa kazi ninayoiweza. Nimenakili daftari lote kwa usafi, nimelilinganisha na la awali mara mbili, nalo limo ndani ya bahasha hii. Hapa naeleza yale tu ninayodhani yana uzito, ingawa umeniambia nisichague.

Siku ya kwanza tulipeleka mbao hadi mji wa tatu. Picha ilikwama kila palipokuwa na miti mingi. Feni ya prosesa ilipiga kelele sana, na ubavu wa kasha la kompyuta upande wa juu ulikuwa wa moto. Mama Mkubwa alisema, "Hii mashine yako inahema kama mimi kwenye ngazi."

Siku ya pili alikaa dakika kumi, akasema ana suruali ya mteja. Suruali hiyo nilikuwa nimeshaiona imekunjwa, tayari.

Siku ya tatu nilishusha ubora wa picha hadi mwisho kabisa. Theluji ikawa shuka jeupe na watu wa kando ya barabara wakatoweka. Bado ilikwama. Siku ya nne hatukucheza.

Siku ya tano niliandika kitu ambacho sikujua niandikeje. Mama Mkubwa haangalii skrini. Analiangalia kasha. Anaketi na ramani mapajani huku macho yake yako chini kwenye kasha, kama mtu anayemchungulia mgonjwa. Nilipomuuliza kama macho yanamuuma alisema, "Macho yangu yanatunga sindano bila miwani. Endesha."

Siku ya sita na ya saba zilifanana na ya kwanza.

Nifurahie jambo moja mbele yako. Kadi ya Mama Mkubwa ni imara kupita maelezo. Siku zote saba haikupata joto hata kidogo. Nilifungua ubavu, kwa hofu kubwa, nikaigusa kwa ncha ya kidole: baridi kama ukuta. Feni zake mbili hazijazunguka hata mara moja. Yaani inafanya kazi yake yote bila kutokwa jasho. Ndiyo maana nasema isiguswe.

Kwa maoni yangu tatizo ni prosesa au kumbukumbu. Naomba uamuzi wako.

Karani

*

18 Machi

Wewe kiziwi,

Salamu baadaye. Naandika nyuma ya karatasi ya kukatia kwa sababu sina nyingine, na ukiona mstari wa kola katikati ya maneno, uruke.

Nataka unisikilize na unyamaze. Mtoto asijue kabisa. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia kadi ya picha. Wewe ulikuwa umeshahama. Ulikuwa umeniambia nisubiri, utaniletea ya uhakika, lakini mtoto alikuwa anatapika kila asubuhi na mimi sikuwa na subira. Nikaenda sokoni kwa wauza vifaa, kibanda cha mwisho kabisa. Boksi lilikuwa limefunguliwa. Yule kijana alinichekea sana. Mtu akikuuzia kitu huku anakuchekea sana, jiulize, lakini mimi sikujiuliza. Nikaja, nikaifunga mwenyewe, nikarudisha nyaya kwa kufuata mchoro wako, mmoja mmoja, kama ninavyofuata vipimo. Picha ikaja. Mtoto akarudi kutoka kazini akalia. Nikasema, basi, nimefanya la maana.

Mwaka jana mteja wangu mmoja akanisimulia kwamba kibanda kile kilifungwa. Walikuwa wakiuza makasha ya kadi yaliyopakwa rangi, ndani hamna kitu. Tangu siku hiyo nikikaa pale sioni lori wala mlima. Naona ujinga wangu umekaa ndani ya kasha, na mtoto anauita "kadi ya Mama Mkubwa" kwa heshima zote. Kila picha ikikwama nasema, mimi huyo.

Sasa namwona anaandika andika jioni. Anataka kubadilisha kitu, na najua atakufikia wewe. Akikufikia, mwambie aitoe hiyo kadi. Sema imezeeka. Sema lolote, wewe ni hodari wa maneno. Ila usimwambie kwamba mama yake alitapeliwa.

Ananiletea maziwa ya moto kila siku nikiwa kwenye cherehani, bila kuulizwa. Mtoto kama huyo hapaswi kuona kwamba nilimpa boksi tupu.

Sasa salamu. U mzima?

Mama Mkubwa

*

23 Machi

Bi Cherehani,

Mzima. Mdomo wangu nimeushona, tena kwa mshono wako, ule usiofumuka.

Ila sitamwambia atoe kitu ambacho sijakijua. Kadi bandia haitambuliki kwa barua. Nipe siku chache, na usiende kumtafuta yule kijana wa kibandani na ile mikasi yako mikubwa.

Bisibisi

*

23 Machi

Karani,

Daftari lako ni zuri. Nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama.

Kadi inayofanya kazi hupata joto. Inayofanya kazi ya lori, theluji na miti hupata joto la kuweza kukausha soksi. Kadi baridi siyo imara. Ni kama karani asiye na hata doa la wino kidoleni baada ya siku nzima: ama ni mwangalifu kuliko binadamu, ama hakuna aliyempa kazi.

Usinunue kitu. Niandikie mgongo wa kasha: kila tundu lililopo, kila waya uko wapi, kuanzia juu hadi chini. Na uniambie mchoro wangu mmeuweka wapi.

Bisibisi

*

29 Machi

Fundi Bisibisi,

Barua yako imeninyima raha siku mbili, lakini nimefanya kama ulivyosema.

Mgongo wa kasha uko hivi. Juu kabisa ni tundu la umeme. Chini yake kuna matundu madogo ya kibodi na kipanya, kisha tundu moja pana la skrini, na humo ndimo waya wa skrini ulimo. Chini zaidi, zimelala kwa ubavu, ziko nafasi za kadi. Kadi ya Mama Mkubwa ipo kwenye ya kwanza, nayo ina matundu matatu mapana yanayofanana kabisa na lile la juu. Yote matatu ni matupu, na bado yamezibwa na vifuniko vya plastiki.

Kila waya nimeufunga kibandiko chenye namba, na namba hizo zinalingana na mchoro wako. Mchoro umebandikwa ukutani nyuma ya meza. Una sahihi yako na tarehe. Tulipohama chumba mwaka jana niliung'oa ukutani kwanza kabla ya kung'oa waya hata mmoja, kisha nikarudisha kila kitu kama ulivyoandika. Naweza kuapa kwamba hakuna waya uliopotoka hata kidogo kutoka kwenye mchoro.

Natumaini sijakosea popote.

Karani

*

3 Aprili

Karani,

Hujakosea popote. Aliyekosea ni mimi, tena kwa sahihi na tarehe.

Sikiliza. Nilipowaundia ile mashine haikuwa na kadi. Prosesa ina uwezo mdogo wa kuchora picha peke yake, wa kutosha barua na picha za harusi. Kwa hiyo nikachora mshale: waya wa skrini uende tundu la juu. Kwa siku ile mchoro ulikuwa sahihi. Kadi ilipokuja, waya ulipaswa kushuka kwenye matundu ya kadi yenyewe. Mchoro haukujua, na mimi sikuwa nimeandika popote kwamba ukinunua kadi, mchoro huu utupe. Mama yako mkubwa akafuata karatasi. Wewe ukafuata karatasi. Mtu mzembe angechomeka popote na pengine angepata. Ninyi wawili ni waangalifu mno, na mimi ndiye niliyewapa cha kufuata.

Maana yake ni kwamba prosesa imevuta lori lenu peke yake kwa miaka miwili. Nashangaa haijafa. Kadi haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Labda ni nzima kabisa. Labda siyo. Sijui, na hakuna atakayejua mpaka ijaribiwe.

Zima mashine. Toa kifuniko cha plastiki. Hamisha waya mmoja tu. Washa. Picha ikija na feni zikaanza kuzunguka mkiwa mlimani, ni nzima na huhitaji kununua chochote. Picha isipokuja, rudisha waya juu, na uniandikie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Fanya hivyo Mama Mkubwa akiwa amesimama hapo hapo, mkono wake kwenye kasha. Usiniulize kwa nini. Nimefungwa.

Nisamehe kwa miaka miwili.

Bisibisi

*

6 Aprili

Fundi Bisibisi,

Nimefanya kila ulichosema isipokuwa kimoja.

Nilihamisha waya Mama Mkubwa akiwa ameenda kununua vifungo. Kifuniko cha plastiki kikaniponyoka, kikaanguka chini ya meza. Nikawasha. Fundi, mlima una mawe. Sikujua. Miaka miwili nimeendesha kando ya kitu cha kijivu nikidhani ndivyo kilivyo, kumbe ni mawe, moja moja, na maji yanatiririka katikati yake. Kuna mwanamke kando ya daraja la pili anayepungia kila lori mkono. Tumempita mara mia bila kumwona. Feni zikaanza kuzunguka taratibu, nami nikakaa nikiziangalia, machozi yananitoka, nikikushukuru wewe na yeye kwa pamoja.

Kisha akaingia. Akasimama mlangoni na vifungo vyake, akatazama skrini muda mrefu. Akauliza, "Umebadilisha nini?"

Nikasema, "Kumbukumbu. Nimenunua vijiti vipya vya kumbukumbu."

Najua. Lakini ningesema nini? Kwamba zawadi yako imekaa bure miaka miwili kwa sababu wewe mwenyewe uliichomeka vibaya? Mikono ile ilinishonea sare zote za shule. Ilinishonea hata shati la kwanza la kazini, lenye mfuko wa ndani kwa sababu alijua ningeogopa kupoteza kitambulisho. Sina ulimi wa kuiambia mikono hiyo kwamba ilikosea. Afadhali mimi nionekane mjanja na yeye abaki na furaha yake.

Akasema, "Vizuri, mwanangu." Akaenda kukata kitambaa.

Nadhani nimefanya vizuri. Niambie kwamba nimefanya vizuri.

Karani

*

7 Aprili

Bisibisi,

Ameitoa. Nimeona skrini, na mimi si kipofu: picha imekuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo umemwambia, naye amenunua kadi nyingine akaitupa yangu. Asante. Ndivyo nilivyoomba.

Nilimuuliza amebadilisha nini, akasema kumbukumbu. Hakunitazama usoni. Amenidanganya kwa adabu kubwa, ili asinivunje moyo. Nilimlea vizuri mno, naona.

Sitaki unijibu kwa maneno ya kunibembeleza. Nashukuru, na nashukuru kweli. Nimerudisha kiti changu kwenye cherehani na ramani nimeikunja. Mtu ambaye zawadi yake imeondolewa kwa heshima hafai kukaa pale kila jioni akingoja aendelee kustahiwa. Tayari anaweza kuendesha peke yake. Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo.

Mama Mkubwa

*

10 Aprili

Karani,

Hukufanya vizuri.

Niliwaahidi watu wawili, na ahadi zenu zimegongana ndani ya karakana yangu. Nyaya mbili zikigusana mimi huzima umeme kwanza, halafu ndipo naomba radhi. Basi nazima.

Mama Mkubwa aliinunua kadi ile kwenye kibanda kilichokuja kufungwa kwa kuuza bandia. Mwaka mzima ameamini kwamba alikupa boksi tupu. Ndiyo maana analiangalia kasha. Macho yake hayana ugonjwa. Sasa anaamini umegundua, umeitupa, na umemficha kwa huruma. Amekunja ramani. Umeiona ramani jioni hizi?

Ile habari unayoogopa kumwambia ndiyo habari pekee anayoihitaji. Barua hii ikikufikia saa tatu, usingoje saa kumi. Fungua ubavu wa kasha mbele yake.

Bisibisi

*

14 Aprili

Fundi Bisibisi,

Barua yako ilifika saa nne na robo. Niliisoma nimesimama. Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu niajiriwe: niligonga mlango wa Mkuu wa Masjala bila kuitwa.

Akasema, "Nini? Kuna mgonjwa?"

Nikasema, "Hapana, bwana mkubwa. Kuna mtu nimemdanganya, na naomba ruhusa niende nikamwambie ukweli."

Alinitazama juu ya miwani. Nikadhani ananifukuza kazi. Akasema, "Nenda. Na ukiweza, waambukize na wenzako."

Nilifika nyumbani nikihema. Mama Mkubwa alikuwa akimpima muuguzi mmoja sare mpya, mkono mmoja umeshashikizwa pini na mwingine bado. Nikapita katikati yao, nikachukua bisibisi, nikapiga magoti kando ya kasha. Nikasikia Mama Mkubwa anasema, "Wewe, umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Njoo uone."

"Nina mtu na pini."

"Mlete na pini zake."

Wakaja wote wawili. Nikatoa ubavu. Nikamwonyesha kadi yake ilipo, pale pale alipoiweka, na mkwaruzo alioufanya kwa pete siku aliyoifunga. Aliinama sana. Akasema, kwa sauti ndogo, "Iko?"

"Iko. Haijawahi kutoka. Nilichohamisha ni waya tu. Mchoro ulituelekeza tundu la zamani, kadi yako ikakaa miaka miwili bila kazi. Sikununua kumbukumbu. Nilikudanganya."

Nikawasha, nikalipeleka lori mlimani. Feni zilipoanza kuzunguka nikamshika kiganja, nikakiweka karibu na kadi, mahali hewa inapotokea.

Akasema, "Ina joto."

"Ina joto, Mama."

"Kwa hiyo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

Aliuliza tena. Akauliza mara ya tatu, safari hii akimuuliza muuguzi, ambaye hajui lolote kuhusu kompyuta, naye akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ni ya kweli, anaona kwa macho yake. Hapo Mama Mkubwa akaketi chini, juu ya kitambaa cha watu, akacheka mpaka akalia. Yaani nilichokiogopa wiki nzima, lile kosa, hakulisikia hata kidogo. Alisikia tu kwamba hakunipa boksi tupu.

Alipopata pumzi akaanza kunigombeza. "Miaka miwili unaendesha lori la kukwama kwama na umenyamaza?"

Nikasema, "Na wewe mwaka mzima unaliangalia kasha na umenyamaza?"

Muuguzi akasema, "Samahani, mimi mkono naweza kuushusha?"

Fundi, nimelelewa na mtu aliyeona afadhali aache kiti chake kuliko mimi nimwonee aibu. Na nimepata fundi aliyekubali kuvunja neno lake kwa ajili yetu wote wawili. Nilijaribu kupima shukrani hizi ziingie kwenye karatasi moja, zimekataa.

Kuhusu kifaa cha kubadilisha, uamuzi umeshatoka, na sikuutoa mimi. Mama Mkubwa amesema: "Uliniambia umenunua kumbukumbu. Basi nenda uinunue. Sitaki mwongo ndani ya nyumba hii." Nikamweleza kwamba kweli ndicho kinachofuata, kwani sasa kadi inakimbia na vijiti viwili vya zamani ndivyo vinavyoisubirisha kila tukiingia mji mpya. Akasema hayo ni yenu mafundi, yeye anachotaka ni haki. Kwa hiyo tunaomba vijiti viwili vya kumbukumbu, vile utakavyochagua wewe, na uvilete mwenyewe. Njoo na mchoro mpya. Wa zamani ameuchana, ingawa sahihi yako ameikata akaihifadhi.

Utatufikia hivi. Ukishuka kituoni, usiulize jina langu, halijulikani. Uliza fundi cherehani wa juu ya duka la rangi, hata mtoto wa miaka mitano atakuonyesha. Ukija kabla ya saa kumi, nipitie masjalani kwanza: jengo la manjano, mlango wa tatu, dirisha lililoandikwa Pokea Hapa. Mwambie utakayemkuta kwamba unamtafuta karani anayecheza gemu la lori. Wote wanajua sasa, maana Mkuu wa Masjala aliniuliza ilikuwaje nami nikamweleza, na anataka kujua kama lori hilo linapita pwani.

Ukija jioni, panda ngazi moja kwa moja. Kengele haifanyi kazi. Gonga dirisha la kushoto, kwa nguvu, jinsi ambavyo wewe ungependa kugongewa. Usipofunguliwa usikate tamaa wala usirudi kituoni. Kaa kwenye ngazi, weka mzigo chini. Tutakuwa tumekusikia, ila Mama Mkubwa haruhusu lori lisimame katikati ya daraja, na mji unaofuata ni dakika saba.

Karani, na Mama Mkubwa anayesimama nyuma yangu akiniambia nimalize